Duka la Mtandaoni kwa Wauzaji Wadogo wa Mnadani: Kikundi Kichague Lipi?



Katika ziara zetu za sharikani kamati za maendeleo zimekuwa zikituuliza swali moja, na swali hilohilo tunaletewa na baadhi ya marafiki zetu wanaotuunga mkono kwa hali na mali. Kwa nini vikundi vyetu vya asali, mafuta ya alizeti, mikeka na kuku wa kienyeji visifunguliwe duka kwenye mtandao, ili visitegemee mnada peke yake? Wapo walio tayari hata kulipia tovuti.

Swali lina msingi. Muuzaji mdogo wa mnadani katika mkoa wetu wa Singida ana siku moja ya kuuza, kisha anasubiri mnada ujao. Mvua ikinyesha, au wanunuzi wakikimbilia ng'ombe na kusahau asali, jioni inamkuta na madumu yake palepale alipoyatua asubuhi. Mchuuzi mwenye gari anajua kwamba mama huyu hataki kulipa nauli ya kurudisha mzigo nyumbani. Anangoja hadi saa kumi na moja, ndipo anakuja na bei yake. Kama mtandao ungeweza kumpa mama huyu mnunuzi wa pili tu, mchuuzi yule asingekuwa na ubavu wa kupanga bei peke yake.

Lakini "duka la mtandaoni" si kitu kimoja, na gharama zake hazifanani. Kabla kamati haijapitisha bajeti, yapo mambo ambayo tunapenda yaeleweke.

Tuanze na bei, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi vinapotegwa. Sisi Walutheri tumezoea mnada wa sadaka baada ya ibada. Jogoo ananadiwa, mzee mmoja anatoa fedha nyingi kuliko bei ya sokoni, halafu anamrudisha jogoo yuleyule anadiwe tena. Ni jambo jema na kazi ya Mungu inasonga mbele. Ila ile si bei ya jogoo, ni sadaka. Kikundi kikichukua bei ya uwanja wa kanisa na kuibandika mtandaoni, mteja wa Dodoma au Dar es Salaam ataisoma mara moja tu na kupita, maana yeye anatafuta kitoweo.

Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa wamezoea mnada, basi wanadi mtandaoni. Wanafungua kundi la WhatsApp, wanaweka picha ya beberu, watu wanapandisha dau. Tatizo ni kwamba mnadani anayetaja bei amesimama mbele yako na fedha mfukoni, na asipolipa anajulikana kijiji kizima. Kwenye simu mtu anataja shilingi elfu tisini saa tatu usiku, asubuhi hapokei simu, na yule wa elfu themanini na tano ameshanunua kwingine. Mnada mkubwa wa mtandaoni unaojulikana duniani, eBay, ulianzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar, na mapema kabisa ulilazimika kuweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana alama hadharani, ili asiye mwaminifu aonekane. Hata hivyo leo sehemu kubwa ya mauzo ya eBay si ya kunadi tena, ni ya bei iliyotajwa. Tukumbuke vilevile kwamba hapa kwetu kazi ya kunadi mali za watu ina sheria yake, Sheria ya Madalali, Sura ya 227. Ushauri wetu kwa vikundi ni kuuza mtandaoni kwa bei iliyoandikwa. Kunadi kubaki uwanjani.

Mnada wa kweli wa mtandaoni upo nchini, nao ni wa Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana kwa kifupi kama TMX, ambako mazao yaliyokusanywa kwa mfumo wa stakabadhi za ghala, kama vile ufuta na korosho, hunadiwa na wanunuzi wakiwa mbali. Mkulima huingia kupitia chama chake cha ushirika cha msingi, na kinachonadiwa ni tani. Kwa ndoo tatu za asali na kuku kumi na wawili mlango huo si wetu.

Sasa tuje kwenye maduka yenyewe.

Aina ya kwanza ni tovuti ya kikundi chenyewe. Hii ndiyo inayopendwa na wafadhili, kwa sababu inaonekana na jina la mradi linaweza kuandikwa juu yake. Uzuri wake ni kwamba kikundi kinakuwa na anwani yake kisichopangishwa na mtu. Ugumu wake ni kwamba jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, nafasi ya kuihifadhi inalipiwa kila mwaka, na anayebadilisha bei na picha lazima awepo kila wiki. Mradi hulipia mwaka wa kwanza, pengine na wa pili. Baada ya hapo kijana aliyeitengeneza amepata ajira mjini, nywila anayo yeye, na ada haijalipwa. Tena tovuti haimwiti mteja. Ni kama kujenga kibanda kizuri porini, mbali na barabara.

Aina ya pili ni soko la pamoja, yaani kampuni yenye tovuti au programu ya simu ambayo wauzaji wengi huweka bidhaa zao. Hapo wateja wapo tayari. Lakini wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kuhama. Jumia, kampuni kubwa ya biashara ya mtandaoni barani Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa Novemba 2019. Muuzaji aliyekuwa amewapata wateja wake wote kupitia hapo, bila kuwa na namba zao, alianza upya. Hatusemi kwamba masoko ya namna hii hayafai. Yapo yanayoruhusu kuweka tangazo bure, na tangazo la bure halina hasara. Tunasema lisiwe duka pekee.

Aina ya tatu ndiyo inayotumiwa na wengi bila kuiita duka, nayo ni Instagram, Facebook na WhatsApp. Ile WhatsApp ya biashara iliyotolewa mwaka 2018 ina sehemu ya kupanga bidhaa kwa picha na bei, na haina ada ya mwezi kwa muuzaji mdogo. Kinachotakiwa ni simu moja, bando, na mtu wa kujibu. Tunalisisitiza hilo la mtu wa kujibu. Mteja akiuliza "bado ipo?" saa nne asubuhi na akajibiwa kesho yake jioni, huyo amekwenda. Kikundi kichague wawili wanaoishi mahali penye mtandao wa uhakika, wapeane zamu, na simu iwe mali ya kikundi, siyo ya katibu.

Nayo ni nyumba ya kupanga vilevile. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota hapa nchini na kwa majirani. Ndiyo maana tunaviomba vikundi vyote viwe na daftari la karatasi, la kawaida kabisa, lenye jina la mteja, namba yake, alichonunua na lini. Duka lolote likifungwa, mwenye daftari bado ana wateja. Daftari hilo litunzwe vizuri na lisibandikwe wala kusambazwa, kwani majina na namba za watu ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022.

Kuhusu malipo hatuna maneno mengi. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008 na tangu hapo mteja wa Mwanza anaweza kumlipa mfugaji nyuki wa Manyoni bila yeyote kwenda benki. Swali ni fedha ziingie kwa nani. Kikundi kinachopokea mauzo kwenye namba binafsi ya mweka hazina kinamweka mwenzao majaribuni, na siku akihama au akifariki wajane na wajomba wanaanza kuulizana fedha zilikuwa za nani. Ichukuliwe Lipa Namba kwa jina la kikundi, na taarifa ya miamala isomwe kwenye mkutano wa kila mwezi mbele ya wanachama wote.

Tunaomba kamati zitupe subira kwenye suala la usafiri, kwa sababu hapo ndipo duka linapofia. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Mteja wa Kigamboni ameipenda asali, lita moja kwa shilingi 15,000. Kikundi kinapeleka chupa stendi ya Misuna, inapakiwa kwenye basi, gharama shilingi 5,000. Basi linashusha mzigo Mbezi Luis. Kutoka Mbezi hadi Kigamboni bodaboda anataka shilingi 12,000. Asali ya elfu kumi na tano sasa ni elfu thelathini na mbili, na mteja hatarudi. Chukua sasa ndoo ya lita 20 kwa bei ileile ya lita. Asali ni shilingi 300,000. Hata basi likitoza 10,000 na bodaboda 15,000, gharama ya njiani ni shilingi 1,250 kwa lita.

Hesabu hii inabadilisha sura ya duka lenyewe. Kikundi cha Singida hakihitaji wateja mia tano wa chupa moja moja waliotawanyika. Kinahitaji wateja sita au saba wanaonunua kwa ndoo: mwenye duka la vyakula Dodoma, mama wa usharika fulani jijini anayeuza kwa majirani zake, mtoto wetu wa Kinyiramba au Kinyaturu aliyeko Dar es Salaam na anayeijua asali ya kwao. Wafanyabiashara wa kuku wa kienyeji waliligundua hili zamani. Kuku wa Singida hufika soko la Shekilango kwa matenga, na kugawanywa hukohuko. Kwa wateja saba simu na picha nzuri zinatosha. Tovuti haiwaongezei kitu.

Picha nzuri haimaanishi picha ya kutia huruma. Tumeona matangazo yanayoweka sura ya mjane au mtoto aliyevaa nguo zilizochanika ili asali inunuliwe. Mtu hununua huruma mara moja. Piga picha ya asali kwenye mwanga wa asubuhi, andika ujazo, bei, na mahali ilipovunwa. Andika pia kwamba asali halisi inaweza kuganda kwenye baridi, maana wateja wa mjini wakiiona imeganda hudhani imechanganywa na sukari, na simu za lawama huanza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa mtandao ajitambulishe na aeleze bidhaa na bei yake bila kuficha.

Kisha kuna chombo. Chupa za maji zilizokwisha kutumika hazifai. Huvuja ndani ya basi, na mzigo wa abiria mwingine ukilowa asali kondakta hatapokea tena vifurushi vyenu. Mfuniko wenye muhuri, lebo na alama ya ubora ya TBS ndivyo vinavyomfanya mwenye duka Dodoma akubali kuiweka bidhaa yenu rafuni. Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yako chini ya TBS, na ofisi ya SIDO ya mkoa huwasaidia wajasiriamali wadogo kuanza safari hiyo.

Kwa hiyo kwa marafiki wanaotaka kulipia tovuti, tunawashukuru kwa dhati, na tunaomba fedha hizo zielekezwe kwingine kwa kipindi cha kwanza: simu moja ya kikundi, bando la miezi sita, vyombo vyenye muhuri, na nauli ya kufuatilia TBS. Baada ya mwaka mmoja daftari litaangaliwa. Kikundi ambacho wateja wake wa kurudia wamefika kiasi ambacho wale wawili wa zamu hawawezi tena kuwajibu wote, hicho tutakiombea tovuti, na ada ya mwaka wa kwanza kitaichangia chenyewe kutokana na mauzo.

Sharika ambazo vikundi vyake vingependa kuanza utaratibu huu zilete barua kupitia ofisi ya jimbo, iliyosainiwa na mwenyekiti wa kamati ya maendeleo. Barua itaje majina ya wawili watakaojibu simu, namba ya usajili wa kikundi, na kiasi cha bidhaa ambacho kikundi kina uhakika wa kukitoa kila mwezi, hata miezi ya kiangazi.