Tasfida Inapomtumikia Mtawala

Mwalimu, tunapofundisha tasfida aghalabu tunatoa mifano ya adabu: kujifungua badala ya kuzaa, kuaga dunia badala ya kufa. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba tasfida humstiri msikilizaji tu. Ipo tasfida nyingine, imstiriyo mtenda maovu. Tutazame mfano kutoka Myanmar, nchi iliyoitwa Burma hapo awali.

Katika Kiburma, neno loh-ah-pay asili yake ni kujitolea kufanya kazi ya heri, kama vile kujenga hekalu la Kibuddha, ili kupata thawabu. Wanajeshi waliotwaa mamlaka mwaka 1988 walilitumia neno hilo hilo kwa kazi isiyo ya hiari. Wanavijiji waliamriwa kujenga barabara, kambi za jeshi na reli, ikiwemo ile ya Ye hadi Dawei, na kuwabebea askari mizigo vitani. Hawakulipwa, na mara nyingi walijiletea chakula na zana. Waliokataa walitozwa fedha, walipigwa au walifungwa. Tume ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ilithibitisha hayo mwaka 1998. Baada ya mapinduzi ya Februari 2021, tume nyingine ya shirika hilo iliripoti mwaka 2023 kwamba jeshi lilikuwa bado likiwashurutisha raia.

Zingatia ujanja wa neno lenyewe. Anayelalamikia utumwa hueleweka. Anayelalamikia kazi ya thawabu huonekana mvivu na mtovu wa dini. Mnyonge amenyimwa hoja kabla hajafungua kinywa.

Hapa kwetu pia, wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliita kazi ya jamii jasho la wanavijiji waliolazimishwa kuchimba handaki kandokando ya msitu wa Mlima Kenya. Kiswahili kina neno la wazi kwa kazi ya namna hiyo: shokoa.

Basi mwanafunzi akikutana na tasfida katika riwaya au tamthilia, hasa kinywani mwa mtawala, asiishie kuitaja na kuitolea mfano. Ajiulize: Nani anasema? Anaficha tendo gani? Nani angepata hasara iwapo tendo hilo lingeitwa kwa jina lake? Majibu yatamtoa kwenye fani na kumfikisha kwenye maudhui, na huko ndiko mtahini anakomtarajia. Zaidi ya mtihani, atakuwa amejifunza kutega sikio siku atakapoambiwa ajitolee, na asipewe nafasi ya kukataa.