Mtambo wa majitaka unapokarabatiwa: Nani aamue kiasi cha uchafu kitakachoingia mtoni?

HAKUNA gavana wala waziri awezaye kuwaamuru wakazi wa mji wasiende msalani kwa majuma matatu eti kwa sababu mtambo wa kusafishia majitaka unakarabatiwa.

Majitaka hayana likizo. Hutiririka usiku na mchana, siku za kazi na siku za sikukuu. Hata hivyo, mitambo inayoyasafisha huchakaa kama chombo kingine chochote. Pampu hukatika, mabomba huliwa na kutu, vichujio huziba na mabwawa hujaa tope zito. Hapana budi siku moja sehemu fulani izimwe ndipo mafundi wapate kuingia.

Hapo ndipo huzuka tatizo la kisheria ambalo wananchi wengi hawalijui. Sheria humtaka mwenye mtambo atoe maji yaliyofikia kiwango maalumu cha usafi kila siku. Akiizima sehemu ya mtambo, huenda asikifikie kiwango hicho. Asipoizima, mtambo wote utaharibika na uchafu utakaoingia mtoni baadaye utakuwa mkubwa maradufu.

Je, sheria ilegezwe kwa muda? Ikilegezwa, ni kwa siku ngapi, na kwa masharti yapi?

Swali hili si la wahandisi na mawakili pekee. Maji yanayotoka katika mitambo ya Kariobangi na Dandora, ule ulioko Ruai, huishia katika Mto Nairobi. Mto huo huungana na Athi, ukapita nyanda za Ukambani, ukabadilisha jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapomwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Njiani humo mna watu wanaonywesha mifugo, wanaofua nguo na wanaomwagilia sukumawiki. Uamuzi wa ofisini jijini huwafikia watu hao hata kama hawakuulizwa.

Viwango ni nini?

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoiunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Chini yake, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka viwango vya maji machafu yanayoruhusiwa kumwagwa katika mazingira, na zikamtaka kila amwagaye maji hayo awe na leseni.

Kanuni hizo zilisema kwamba uchafu unaoelea katika maji hayo usizidi miligramu 30 kwa kila lita. Kipimo cha asidi kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Nacho kiasi cha oksijeni kinachohitajiwa na bakteria ili kuuozesha uchafu kisizidi miligramu 30 kwa lita.

Kipimo hiki cha mwisho ndicho roho ya jambo lenyewe. Uchafu wa binadamu unapoingia mtoni, bakteria huanza kuula. Wanapoula, huvuta oksijeni iliyomo majini, ile ile inayotegemewa na samaki. Uchafu ukizidi, oksijeni huisha, samaki hufa na mto huanza kunuka. Majitaka mabichi ya mjini aghalabu huwa na kipimo cha kati ya miligramu 200 na 400. Kazi ya mtambo ni kukishusha hadi 30 au chini yake.

Kwa nini usafi hushuka wakati wa ukarabati?

Watu wengi hudhani mtambo wa majitaka ni mashine inayoweza kuzimwa na kuwashwa kama redio. La hasha. Kiini chake ni viumbe hai. Bakteria wanaokula uchafu hufugwa ndani ya matangi au mabwawa kama mfugaji alishavyo ng'ombe wake. Wanahitaji chakula kila siku, na wengi wao wanahitaji hewa.

Sehemu yao ikikaushwa ili fundi abadilishe bomba au azibe ufa, bakteria hao hufa njaa. Fundi akimaliza kazi siku ya Ijumaa, mtambo hautarudi katika hali yake siku ya Jumamosi. Huenda zikapita siku nyingi au hata majuma kabla ya bakteria wapya kuongezeka vya kutosha. Kwa hivyo muda wa nafuu huhesabiwa kwa siku za kazi ya fundi pamoja na siku za viumbe kurudi.

Katika mabwawa kama yale ya Ruai, hali ni nafuu kidogo. Mabwawa hayo yamepangwa katika safu kadhaa. Safu moja inaweza kufungwa ili tope liondolewe, nazo safu nyingine zikaendelea kupokea majitaka. Lakini zinazobaki huelemewa, kwa kuwa maji hukaa humo muda mfupi kuliko inavyotakiwa.

Wamarekani hufanyaje?

Nchini Marekani, ambako Sheria ya Maji Safi imekuwa ikitumika tangu 1972, mambo haya yameandikwa waziwazi. Kanuni za taifa hilo hukataza kuyakwepesha majitaka, yaani kuyapitisha kando ya sehemu ya mtambo bila ya kusafishwa. Mwenye mtambo anayevuka viwango kwa njia hiyo anaweza kuadhibiwa, isipokuwa atimize masharti matatu kwa pamoja.

Kwanza, iwe haikuepukika, kwa maana kwamba bila hivyo watu wangekufa, wangejeruhiwa au mali ingeharibika vibaya. Pili, iwe hapakuwa na njia nyingine, kama vile kutumia mtambo wa akiba, kuyahifadhi majitaka kwa muda au kusubiri wakati ambapo mitambo huwa imepumzishwa. Tatu, awe ametoa taarifa. Ikiwa alijua mapema, taarifa hiyo ifike angalau siku 10 kabla, ikiwezekana. Ikiwa ni dharura, atoe habari katika muda wa saa 24.

Sharti la pili lina mkia muhimu. Mwenye mtambo hawezi kujitetea kwamba hakuwa na njia nyingine iwapo mhandisi mwenye busara angekuwa ameweka mashine ya akiba tangu awali. Kwa maneno mengine, aliyepuuza kununua pampu ya pili hawezi kuugeuza uzembe wake kuwa udhuru.

Baadhi ya majimbo yameongeza utaratibu wao. Katika jimbo la Illinois, sheria ya mazingira huruhusu idhini ya muda kwa mtu atakayeonyesha kwamba kutii kanuni kwa kipindi kifupi kutamtwika mzigo usio wa haki. Idhini hiyo haizidi siku 45. Inaweza kurefushwa kwa siku nyingine 45, lakini jumla isipite siku 90 katika mwaka mmoja. Isitoshe, haiwezi kwenda kinyume na sheria ya taifa.

Tazama busara iliyomo katika ukomo huo. Nafuu isiyo na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa desturi, na desturi huwa sheria mpya ambayo bunge halikuipitisha.

Funzo la Seattle

Yanayotokea ukarabati unapoahirishwa au vifaa visipochunguzwa yalionekana mnamo Februari 9, 2017 katika mtambo wa West Point, ambao husafisha majitaka ya jiji la Seattle, Marekani. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa. Umeme wa pampu za kutoa maji ulikatika. Swichi za kuelea, ambazo kazi yake ni kutoa ishara maji yanapopanda kupita kiasi, zilikwama. Mtambo ukafurika na mashine zikazama.

Takriban galoni milioni 235 za maji yasiyosafishwa, ambazo ni karibu lita milioni 890, zilimwagika katika ghuba ya Puget Sound. Sehemu kubwa yalikuwa maji ya mvua yaliyochanganyika na majitaka, lakini galoni milioni 30 kati yake zilikuwa majitaka mabichi. Ilichukua hadi Mei mwaka huo kabla ya mtambo kurudia usafishaji wake kamili. Mbali na nyaya na mota, bakteria nao iliwabidi wahuishwe upya.

Mnamo Septemba 2017, idara ya mazingira ya jimbo la Washington ilimtoza mwenye mtambo, serikali ya eneo la King County, faini ya dola 361,000 na kumwamuru afanye marekebisho. Hakusamehewa kwa sababu tu mtambo ulikuwa mbovu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa aina hii hujengwa kwa fedha za mlipa kodi.

Hesabu ya mto

Hata pale ambapo nafuu inastahili, wakati wa kuitoa una uzito wake. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtambo hutoa lita milioni 10 kwa siku katika mto unaopitisha lita milioni 90. Maji yakiwa na kipimo cha miligramu 30, mto huongezewa mzigo wa miligramu 3 kwa kila lita. Kipimo kikipanda hadi 300 wakati wa ukarabati, mzigo huwa miligramu 30, na hapo samaki hawatapona.

Sasa tuseme mto huo huo umejaa na unapitisha lita milioni 900. Uchafu ule ule wa kipimo cha 300 utaongeza miligramu 3 na ushei tu kwa lita. Kosa moja, mito miwili tofauti.

Msomaji atasema basi kazi ifanywe wakati wa masika. Si rahisi hivyo. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika mabomba ya majitaka, hasa pale ambapo vifuniko vya mashimo vimeibwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Mtambo huelemewa wakati ule ule ambapo umepunguzwa nguvu. Wakati ufaao aghalabu huwa ni majuma yanayofuata mvua, mito ikiwa bado imejaa na mabomba yamepungua maji.

Tena, wingi wa maji hauui vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Ndiyo maana masharti mema hudai maji yatiwe dawa ya klorini kabla ya kumwagwa, kisha klorini hiyo nayo iondolewe ili isiwaue samaki. Hudai pia sampuli zichukuliwe kila siku na wakazi wa chini ya mto waarifiwe wasitumie maji hayo.

Maswali ya kuuliza nyumbani

Katiba ya mwaka 2010 humpa kila Mkenya haki ya kuishi katika mazingira safi kupitia Kifungu cha 42. Kifungu cha 35 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nacho Kifungu cha 70 humruhusu kwenda mahakamani ikiwa haki hiyo ya mazingira inavunjwa au inatishiwa.

Kwa hivyo, kampuni ya maji inapotangaza ukarabati, mwananchi ana haki ya kuuliza maswali machache yaliyo wazi. Kazi itaanza lini na itamalizika lini, pamoja na siku za bakteria kurudi? Ni sehemu gani itazimwa, na ni zipi zitaendelea? Maji yatakayotoka yatakuwa na kipimo gani, na nani atakayeyapima? Je, wanaotegemea mto wataarifiwa kwa lugha wanayoielewa, na wataletewa maji mengine? Na mwisho, mbona hapakuwa na mashine ya akiba?

Swali hilo la mwisho ndilo hutenganisha dharura na uzembe. Mwenye mtambo anayekarabati kwa mpango, akatoa taarifa mapema na kupima maji yake kila siku anastahili kusaidiwa, kwa kuwa kumwadhibu ni kumfundisha mwenzake aahirishe matengenezo. Lakini anayeomba nafuu mwaka hadi mwaka kwa ubovu ule ule anaomba ruhusa ya kuchafua.

Nafuu ya muda ni mkopo ambao mwenye mtambo huuchukua kwa mto, na mdhamini wake ni yule mama anayeteka maji kilomita nyingi kutoka jijini. Ni haki yake aambiwe kiasi cha deni hilo na siku litakapolipwa.