Ng'ombe wawili, nira moja: meseji yako inavyogeuka mwanga

Wadau wa Mwamanyili na Simiyu yote, juzi kijana mmoja kwenye kafe kaniuliza: "Kama waya wa baharini unabeba mwanga tu, meseji yangu inaingiaje humo?" Swali zuri, tulichambue.

Kabla ya 2009 tulitegemea satelaiti. Picha moja ikifunguka, soda imeshaisha. SEACOM ikafika Dar Julai 2009, EASSy ikafuata 2010. Ndani yake mna nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga wa leza. Leza haiwashwi na kuzimwa kila biti, maana mwanga ungechafuka na kutawanyika njiani. Inawaka muda wote, na mbele yake kinakaa kifaa kiitwacho modyuleta. Kwa miaka mingi fuwele yake imekuwa lithiamu niobeti. Mwanga unagawanywa njia mbili, umeme unabadili mwendo wake, na njia zikikutana tena mwanga ama unaongezeka ama unajiua. Ndo moja na sifuri hizo!

Umeme unaletwa na elektrodi, vijistari vya dhahabu. Hapo ndo kasheshe. Elektrodi fupi inadai volti nyingi. Ndefu inadai chache, lakini sasa umeme na mwanga lazima watembee sawa kama ng'ombe wa plau. Ndani ya fuwele mwanga unapungua kasi mara 2.2, umeme, elektrodi ikiwekwa kienyeji tu, karibu mara 4. Kwenye sentimita 4 umeme unachelewa pikosekunde 240 hivi. Kwa kasi ya biti bilioni 10 kwa sekunde, biti moja ina pikosekunde 100 tu. Ng'ombe mmoja kaachwa biti mbili nyuma, plau inapinda, meseji inakorogeka.

Dawa? Dhahabu inanenepeshwa, na chini yake linawekwa tabaka jembamba la silika, ili umeme ukimbie. Tabaka likizidi, volti zinapanda tena. Kasi ikizidi, umeme unabanana juujuu ya dhahabu na kupotea kama joto. Kila dawa ina bei yake.

Linatuhusu nini? Kulaza waya mpya baharini ni ghali mno. Kubadili vifaa vya mwishoni ni nafuu, na waya uleule unabeba zaidi. Ila Mei 12, 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika, elektrodi nzuri haikutuokoa. Tunahitaji vifaa bora na njia nyingi.

Haya, nani kati yenu atasomea haya mambo? Dondosheni maoni.