Mtoto Ambaye Mzazi Wake Yumo Gerezani

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huwa amekwisha kuelezwa habari za mtoto yatima na mtoto mgonjwa. Ni nadra kuambiwa lolote juu ya mtoto ambaye mzazi wake yumo gerezani. Huzuni ya mtoto huyu hukaribia ile ya yatima, ila hakuna anayekwenda kumpa pole. Msiba huleta majirani nyumbani, kifungo huwafukuza.

Yafaa kwanza tutofautishe maneno mawili. Mahabusu angali akingoja kesi yake imalizike. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Basi ikiwa mshtakiwa mwenyewe ana kinga hiyo, sembuse mwanawe aliye darasa la tatu! Hata hivyo jina la "mtoto wa mwizi" husikika uwanjani, na wakati mwingine, twasikitika kusema, chanzo chake ni mazungumzo ya sauti kubwa katika chumba cha walimu. Habari hizi ziwe kwa mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi, basi.

Mwalimu achunguze sababu kabla ya kuadhibu. Baba akifungwa, aghalabu mama hutoka alfajiri kwenda kuchuuza, na binti mkubwa huachiwa wadogo zake. Ndiyo maana huchelewa na kusinzia. Mama akifungwa, watoto huhamia kwa bibi, pengine na shule hubadilika. Ada na michango ya lazima imeondolewa katika shule za msingi za serikali, lakini sare na madaftari bado ni mzigo wa nyumbani. Kumrudisha mtoto wa namna hii kwa kukosa daftari ni kumfungulia mlango wa utoro.

Jambo gumu zaidi ni maneno. Jamaa wengi humwambia mtoto kwamba baba yuko safarini. Si kazi ya mwalimu kuufichua uongo huo, wala asiutie nguvu. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, baba atarudi lini?" ajibiwe: "Siku yenyewe siijui. Ukitaka, tutamwuliza bibi pamoja." Kisha mwalimu aonane na bibi faraghani, amshauri amweleze mjukuu ukweli kwa maneno machache, kabla hajaupata kwa wenzake kama tusi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 9, wampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kuonana huko kutamdhuru. Kwa hiyo siku ya kwenda gerezani iandikwe "ruhusa" katika mahudhurio, isiandikwe "mtoro". Somo la barua ya kirafiki nalo laweza kumfaa: mwache amwandikie mzazi wake, ila ajue kwamba barua hukaguliwa gerezani. Lakini ikiwa mzazi alifungwa kwa kumdhuru mtoto huyo au mtu wa nyumbani mwake, tusimhimize kuandika. Shauri hilo ni la afisa ustawi wa jamii.

Katika insha, badala ya "Kazi ya baba yangu", twapendekeza "Mtu mzima ninayempenda". Darasa zima laweza kuandika, na hakuna atakayetambua sababu. Somo linapogusa polisi na mahakama, mwalimu asitafute mifano kijijini.

Mzazi akitoka, matatizo hayaishi siku hiyo. Mtoto aweza kumwogopa, au kukataa kuja shule akihofu kumwacha asije akaondoka tena. Mwalimu amwalike mzazi huyo shuleni kama anavyowaalika wazazi wengine, ampe kiti, kisha amfungulie madaftari ya mwanawe ukurasa kwa ukurasa.