Kundi linapopanda mlima, nani anatembea nyuma?

Jumamosi moja ya Aprili tulikuwa watu 23 pale Iyunga tukisubiri Koasta. Klabu moja ya mbio za asubuhi ilikuwa imeamua kuiacha lami kwa siku moja na kupanda Kilele cha Mbeya, kwa upande wa Mbalizi, kupitia mashamba ya kahawa. Mimi nilialikwa kama mtangazaji, nikabeba kinasa sauti na chapati nne. Tulipangiwa kuondoka saa 12 asubuhi. Tuliondoka saa 3 na nusu, maana kila aliyepigiwa simu alijibu "niko njiani". Kosa la siku ile lilianzia hapo kituoni, kabla hatujauona mlima.

Msikilizaji wa Uporoto au Rungwe unaweza kucheka, kwa sababu wewe kupanda kilima ni kwenda shamba. Lakini wewe ukiona ukungu unateremka. Kundi la watu wa mjini linasubiriana, linapiga picha, halafu linasahau saa.

Jiji la Mbeya lenyewe liko kwenye mita takriban 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kilele kinapita mita 2,800. Kwa kawaida kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo ukiwa umevaa fulana Iyunga na unajisikia vizuri, juu kule ni habari nyingine, na hapo hujahesabu upepo na mvua.

Saa nazo zina hesabu yake. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskochi, William Naismith, aliweka kanuni ambayo vikundi vingi duniani bado vinaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Mfano, njia ya kilomita 6 inayopanda mita 900 ni saa 2 na dakika 42, tena bila kupumzika hata mara moja. Kundi lenye vijana na wazee hutembea kwa mwendo wa yule wa polepole, kwa hiyo ongeza saa nzima au zaidi. Mwezi Juni jua la Mbeya huzama karibu saa 12 na nusu jioni, na giza halikawii. Ndiyo maana kundi linatakiwa kukubaliana saa ya kugeuka kabla ya kuanza kupanda. Ikifika, mnageuka, hata kama kilele mnakiona.

Sisi hatukuwa na saa hiyo. Tulifika juu saa 8 na nusu mchana. Saa 9 ukungu ukatufunika, ukaja na manyunyu. Wenye miguu myepesi wakatangulia, wa katikati wakawa wanapiga soga, na wa mwisho alikuwa kaka mmoja aliyekuwa akilalamikia goti tangu tukiwa tunapanda. Chini tulijihesabu tukapata 22. Tukahesabu tena. Vijana wawili wa kijiji waliotuongoza wakarudi juu bila kuambiwa. Walimkuta karibu saa 12 na nusu, amekaa chini ya jiwe, fulana imelowa chapachapa. Alikuwa anashindwa kufunga kamba za viatu na anaongea kama mlevi, na hakuwa ameonja kitu.

Huko ni kupoa kwa mwili. Joto la mwili ni nyuzi 37 hivi, na likishuka chini ya 35 ni hatari. Haihitaji barafu, kwani nguo iliyolowa na upepo vinatosha. Mtu huanza kutetemeka, kisha mikono inakosa ustadi, ulimi unakuwa mzito, anajikwaa. Akiacha kutetemeka na bado hajapata joto, amezidiwa. Mvueni nguo zenye maji, mvalisheni kavu, mkingeni na upepo, mkalishe juu ya mkoba au majani, maana ardhi nayo inanyonya joto. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe kali, ambayo mzee mmoja kwenye Koasta alitaka kumpa, hapana. Inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, mtu anahisi joto huku ndani anazidi kupoa.

Kaka yetu alipona. Vijana wale walimvalisha makoti yao, mama mmoja akatoa chupa ya chai.

Kuhusu mavazi, fulana ya pamba ikilowa hukaa na maji. Sweta la sufu kutoka mitumba ya Mwanjelwa linatunza joto hata likiwa bichi, na mfuko mkubwa wa nailoni ni koti la mvua la bei ndogo. Kwa Mlima Rungwe na Ziwa Ngozi, ulizeni kwanza kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kuhusu vibali na waongozaji.

Simu itunzeni chaji, kwa sababu baridi inaimaliza haraka. Mabondeni mtandao unapotea, kwa hiyo jaribuni kwenye mgongo wa mlima, mkiwa mnauona mji. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112. Na kabla ya kuondoka, mwachieni mtu wa nyumbani ujumbe: mlima gani, njia gani, watu wangapi, mtarudi saa ngapi, na akikosa kuwasikia apige simu saa ngapi.

Klabu ile sasa ina mtu wa mkia. Anachaguliwa aliye na nguvu, si aliyechoka, anavaa kizibao cha rangi ya machungwa, na hakuna anayeruhusiwa kuwa nyuma yake. Kila wanapopumzika wanajihesabu kwa sauti. Safari iliyopita mtu wa mkia alikuwa yule kaka wa goti.