Nilimpa mbwa wangu dawa ya shosho, nusura nimuue

ASUBUHI moja ya Julai mwaka jana nilifungua geti la kwetu Kahawa West na Simba hakuja.

Kwa miaka 12 jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Ukigusa tu komeo, mbwa huyo alikuwa ashafika, mkia ukimpiga mbavu huku na huku. Siku hiyo alikuwa amelala kando ya tangi la maji. Aliniangalia, akatingisha mkia mara mbili, akajaribu kuinuka. Miguu ya nyuma ilikataa.

Nilikuwa darasa la saba baba alipomleta nyumbani ndani ya katoni ya biskuti, nusu German Shepherd, nusu hatujui. Nilipoacha chuo mwaka wa pili na kurudi na sanduku langu, kila mtu alikuwa na swali. Simba pekee ndiye hakuuliza kitu. Alinifuata hadi chumbani, akalala mlangoni.

Kwa hivyo wacha niseme ukweli. Mnyama huyu aliponihitaji, nilichomfanyia karibu kimuue. Naandika haya kwa sababu najua si mimi pekee.

Nilijifanya daktari

Kwanza nilijiambia ni baridi tu, itaisha. Nairobi ikifika Julai, kila mzee hulalamika magoti. Shosho anaishi nasi, ana miaka 78, na magoti yake hutabiri mvua kuliko redio. Kwenye kabati lake huwa kuna pakiti ya diklofenaki aliyoandikiwa na daktari.

Nikawaza, maumivu si ni yale yale? Nikavunja kidonge katikati, nikaficha nusu ndani ya kipande cha smoki. Simba akameza bila hata kutafuna.

Saa mbili baadaye alikuwa ametembea hadi getini. Nilijiona mjanja sana. Nikaendelea hivyo, nusu asubuhi, nusu jioni, kwa siku nne.

Siku ya tano alikataa chakula. Jioni akatapika. Asubuhi iliyofuata niliona kinyesi chake kikiwa cheusi ti, kinanata kama lami. Nilipoinua mdomo wake, ufizi ulikuwa umepauka.

Shosho ndiye aliyeelewa kwanza. "Ulimpa dawa yangu?" akaniuliza. Nikanyamaza. "Hiyo hata mimi nisipokula hunichoma tumbo. Na wewe ukampa mnyama?"

Nilikimbilia duka moja la dawa za mifugo mtaani. Muuzaji, bila kumwona mbwa, aliniambia ninunue deksamethasoni nimdunge, eti atasimama leo leo. Sikuwa na pesa za kutosha. Ni mara moja tu maishani nimeshukuru kusota.

Mathe aliponitumia pesa kwa M-Pesa, binamu yangu akaleta pikapu. Tulimbeba Simba kwa blanketi, watu wanne, hadi kwa daktari wa mifugo.

Ndani ya kiungo, ndani ya tumbo

Daktari hakunigombeza. Alinionyesha picha ya eksrei ya nyonga za Simba na kunieleza polepole.

Pale mifupa miwili inapokutana huwa kuna gegedu, kitu laini kinachoifanya iteleze bila kusuguana. Kadiri miaka inavyosonga, hasa kwa mbwa wakubwa kwa umbo na wale wanene, gegedu hulika. Kiungo huvimba, huuma, na mfupa huanza kuota vijinundu pembeni. Haliponi. Kinachowezekana ni kupunguza maumivu na kupunguza kasi.

Kilichoniuma zaidi ni kusikia kwamba dalili zilikuwepo zamani. Mbwa mwenye maumivu ya viungo mara nyingi halii. Anachelewa kuinuka, kisha akishatembea kidogo analegea. Anaacha kuruka ngazi. Anateleza kwenye vigae. Analamba goti lile lile kila siku. Mapaja yanakonda. Ananguruma ukimgusa kiuno. Mimi yote hayo nilikuwa nayaita uzee.

Halafu tukafika kwenye dawa. Diklofenaki na ibuprofeni ziko katika kundi moja la dawa za kutuliza maumivu na uvimbe. Huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na uchungu. Shida ni kwamba kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na husaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Ukizizima zote, kiungo kinapoa lakini tumbo linabaki bila ngao.

Mwili wa mbwa haushughulikii dawa hizi kama mwili wa binadamu. Kiasi ambacho mtu humeza na kwenda kazini kinaweza kumtoboa mbwa tumbo au kumharibia figo. Kile kinyesi cheusi kilikuwa damu iliyotoka tumboni na kusagwa njiani.

Paracetamoli nayo si salama kujipimia. Ikizidi, huharibu ini la mbwa na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Kwa paka ni hatari zaidi, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Nikamweleza kuhusu ile sindano. Akatikisa kichwa. Deksamethasoni ni steroidi, na steroidi ikikutana na dawa za kundi la diklofenaki ndani ya mwili mmoja, hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu hupanda sana. Ndiyo maana hata daktari akitaka kubadilisha dawa moja hadi nyingine, huacha siku kadhaa zipite katikati.

Simba alikaa kliniki siku tatu, akitundikiwa maji na kupewa dawa za kulinda tumbo. Vipimo vya damu vilionyesha figo zimeyumba, ila hazijaanguka.

Wiki za kutembea kama mlevi

Aliporudi nyumbani, tatizo letu lilikuwa pale pale. Viungo bado vilimuuma, na ile aina ya dawa inayofanya kazi vizuri zaidi ilikuwa marufuku kwake hadi tumbo lipone.

Daktari alianza na gabapentini, ambayo hufanya kazi kwenye mishipa ya fahamu na haichomi tumbo. Lakini nayo ina yake. Siku za kwanza Simba alitembea kama mtu anayetoka baa saa tisa usiku. Alisinzia akiwa amesimama. Mara moja aliangukia sufuria ya maji na kukaa humo humo akishangaa.

Nilitaka kuiacha ghafla. Kabla ya kufanya hivyo nilipiga simu, kitu ambacho ningefanya tangu mwanzo. Daktari alipunguza kipimo, na baada ya siku chache ulevi ukapungua. Pia alinionya nisinunue dawa ya maji ya binadamu bila kumuuliza, kwa sababu baadhi hutiwa zailitoli, utamu mbadala wa sukari ambao ni sumu kwa mbwa.

Lakini dawa iliyosaidia zaidi haikutoka kwenye chupa. Simba alikuwa na kilo 34. Kwa umbo lake alipaswa kuwa na 28. Kilo sita za ziada, kila hatua, juu ya nyonga zilizolika! Na hizo kilo tulimpa sisi, kwa ugali wa jana, mafuta ya matumbo, na mkate wa shosho chini ya meza.

Tulianza kupima chakula chake kwa kikombe. Shosho alinuna wiki nzima. Ilichukua karibu miezi mitano kufika kilo 29, lakini tayari mwezi wa pili alikuwa anainuka bila kusaidiwa.

Nilinunua vipande vya zulia Gikomba nikatandika njia yote kutoka mlangoni hadi kwenye uwanja, kwa sababu vigae vilikuwa adui yake. Tukamtoa kwenye saruji, tukamwekea godoro kuukuu juu ya mbao. Matembezi yakawa dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kila siku. Sio kukaa wiki nzima kisha Jumapili mnapiga raundi ya saa mbili. Kukaa bila kutembea hukaza viungo, na kutembea kupita kiasi huviumiza.

"Mbwa ni mbwa tu"

Kuna mambo hayaandikwi kwenye pakiti ya dawa. Jirani mmoja aliniona nikimpandisha Simba kwenye pikapu kwa mara ya tatu akauliza kama sina la kufanya na pesa. "Mbwa ni mbwa tu. Si ulete mwingine?"

Sina pesa. Naishi kwa kuandika, kupiga picha za harusi wikendi, na kazi ndogo ndogo za mtandaoni. Niliuza PlayStation yangu ili nilipe vipimo. Na kuna usiku nilijiuliza kama jirani ana hoja. Watu wanalala njaa, mimi nalipia damu ya mbwa ipimwe.

Jibu langu ni moja tu. Mbwa huyu alilinda nyumba yetu kwenye mvua na baridi, na mshahara wake ulikuwa makombo. Nyumba yetu ilivamiwa mara moja, 2019, na aliyekatwa panga begani alikuwa yeye. Leo akishindwa kusimama, siwezi kumwambia kazi imeisha.

Daftari la shosho

Mwezi wa tatu, baada ya damu kupimwa tena na figo kutulia, daktari alikubali kujaribu meloksikamu ya mbwa, ya maji, inayopimwa kulingana na uzito. Hapa ndipo nilielewa jinsi nilivyokuwa nimecheza na moto. Mbwa wa kilo 30 huhitaji takriban miligramu 3 kwa siku. Kidonge cha binadamu cha meloksikamu huwa na miligramu 7.5 au 15. Hebu fanya hesabu.

Masharti alinipa manne. Dawa itolewe pamoja na chakula. Mbwa akikataa kula, dawa isitolewe, na nipige simu. Awe na maji ya kunywa wakati wote, kwa sababu figo zilizokaukiwa maji huumia haraka. Na damu ipimwe tena baada ya wiki chache, kisha kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu ini na figo zinaweza kuharibika kimya kimya kabla hujaona dalili.

Shosho ana daftari la presha yake. Kila asubuhi huandika namba na dawa alizomeza. Siku moja nilikuta amechora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto, jina lake. Kulia, SIMBA. Amekula? Amekunywa? Kinyesi rangi gani? Ameinuka mwenyewe? Dawa saa ngapi?

Daftari hilo lilituokoa Novemba. Kwa siku mbili shosho aliandika "amekula nusu". Mimi sikuwa nimeona kitu. Tulisimamisha dawa, tukapiga simu, tukampeleka. Tumbo lilikuwa limeanza kukasirika tena, lakini safari hii tuliliwahi kabla ya damu. Alipumzishwa wiki mbili, kisha akarudishwa kwa kipimo cha chini zaidi.

Kama una mbwa mzee nyumbani

Usimpe dawa yoyote ya binadamu, hata kama "ni nusu tu". Kama tayari umempa, mwambie daktari jina la dawa, kiasi na saa. Aibu haitibu.

Hakikisha anayemtibu ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Una haki ya kuuliza.

Kinyesi cheusi, kutapika, kukataa chakula, kunywa maji au kukojoa kupita kawaida, macho au ufizi kugeuka manjano: simamisha dawa za uvimbe na upige simu siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu.

Mpime uzito. Kama pesa ni kidogo, anzia hapo. Kupunguza chakula ni bure.

Andika. Kichwa chako hakitakumbuka kama alikula Jumanne.

Simba sasa ameingia mwaka wake wa 13. Hajapona na hatapona. Daktari ameshatuambia kwamba siku itakuja ambapo siku mbaya kwenye daftari zitazidi nzuri, na siku hiyo tutazungumza kuhusu sindano ya kumpumzisha. Shosho alisikia hayo akasema tu, "Basi tuhesabu vizuri." Tangu hapo huweka alama ya tiki kwa siku nzuri. Mwezi uliopita zilikuwa 24.

Mimi nimebadilisha kitu kimoja tu. Nikifika nyumbani nagusa komeo, halafu sifungui. Nasimama nje nikisikiliza kucha zake kwenye zulia, kisha kwenye saruji, polepole, zikija. Siku zingine inachukua dakika nzima. Nangoja hadi afike.