Msumeno wa Mpini Mrefu: Bei Ndogo, Hatari ya Nani?



Katika nyumba nyingi za Kampala, na za miji ya nchi jirani, kazi ya kupogoa miti humwangukia mtu mmoja: mtunza bustani. Ndiye afyekaye ua, ndiye afunguaye lango usiku, na mvua kubwa za Machi zinapokaribia ndiye anayeambiwa apande mwembe na panga kiunoni. Miaka ya karibuni baadhi ya matajiri wameanza kuleta nyumbani chombo kipya: msumeno mdogo wa umeme uliofungwa kwenye ncha ya mpini mrefu. Unauzwa kwa bei nafuu, na mara nyingi mfanyakazi hukabidhiwa boksi na kuambiwa, "Haya, anza." Hapana mafunzo, hapana glovu, na karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Makala haya yanaeleza chombo hicho kinafanyaje kazi, kinafaa kwa kazi gani, na kinaweza kumwua mtu kwa njia gani. Mwisho yanaeleza mfanyakazi ana haki ya kudai nini.

CHOMBO CHENYEWE

Kwenye ncha ya mpini kuna mota, na mbele ya mota kuna ulimi wa chuma wenye urefu wa sentimita 20 hadi 25. Mnyororo wenye meno huzunguka juu ya ulimi huo. Misumeno mingi ya aina hii hutumia umeme wa wati 700 hadi 800 na huwa na uzito wa kilo 4 hivi. Mpini ukivutwa wote hufika karibu mita 2 na nusu, kwa hiyo mtu aliyesimama ardhini anaweza kukata tawi lililo mita 4 juu.

Tusikidharau chombo hiki. Faida yake ni kubwa: miguu ya mfanyakazi hubaki ardhini. Kuanguka kutoka mtini au kwenye ngazi huvunja migongo ya watu, na msumeno huu unaweza kuiondoa hatari hiyo. Lakini ukiutumia juu ya ngazi umeipoteza faida hiyo yote, tena umeongeza hatari nyingine. Kama tawi halifikiki kutoka ardhini, kazi hiyo si ya msumeno huu.

Hufaa kwa matawi yasiyozidi unene wa mkono wa mtu, yaani sentimita 10 hivi. Tawi nene kuliko hapo hubana ulimi, na likianguka hakuna awezaye kulizuia.

KABLA YA KUWASHA

Kwanza, soma kibati kilicho kwenye mota. Nyumba zetu hutumia umeme wa volti 240. Msumeno uliotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120. Ukichomekwa kwenye soketi zetu bila transfoma ifaayo, mota huungua. Jambo hili ni muhimu kwa vifaa vilivyotumika vinavyoletwa kutoka ng'ambo.

Pili, tazama waya wa kuongezea. Uwe wa kutumika nje, wenye shaba ya milimita mraba 1.5, usiwe na kiraka cha gundi wala sehemu iliyochubuka. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote, kwa kuwa waya uliojikunja hupata joto. Upitishe nyuma yako, mbali na mahali matawi yatakapoangukia. Usikate miti wakati wa mvua au nyasi zikiwa na maji.

Tatu, hakikisha soketi inalindwa na swichi ya kinga, ile inayokata umeme wenyewe mara mkondo unapovuja. Ile ya miliampea 30 ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya kulinda uhai wa mtu. Ukiukata waya wako kwa bahati mbaya, swichi hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Nne, toa plagi kwenye soketi, kisha kagua mnyororo. Mnyororo mpya hulegea upesi, hivyo ukazwe tena baada ya matawi machache ya mwanzo. Uwe umekazwa kiasi cha kutoning'inia chini ya ulimi, lakini uweze kuvutika kwa mkono uliovaa glovu. Jaza oili ya mnyororo na utazame kipimo chake mara kwa mara. Msumeno wa bei nafuu una tangi dogo, na mnyororo mkavu hutoa moshi, huharibu ulimi na hata kukatika. Meno yakitoa unga badala ya vipande vya mti, yamekuwa butu, yanataka tupa.

NYAYA ZA BARABARANI

Hapa, ndugu, ndipo wengine hupoteza roho zao. Mpini wa msumeno huu mara nyingi ni wa alumini, na alumini hupitisha umeme. Mfanyakazi husema, "Plastiki ya mota inanikinga, na swichi ya kinga ipo." Hayo ni makosa. Plastiki ile humkinga mtu na hitilafu ya mota yenyewe. Swichi ya kinga huona tu mkondo unaopita katika nyaya za nyumba ile. Umeme wa nguzo ya barabarani haupiti katika swichi hiyo hata kidogo. Mpini ukigusa waya ule, umeme hushuka kwa mpini, hupita mwilini na kuingia ardhini, na swichi ya nyumbani haitatikisika.

Nyaya nyingine za mitaani zina volti 11,000 au 33,000. Nyaya za nguvu hiyo hazingoji kuguswa, kwani umeme waweza kuruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma kilichosogezwa karibu. Tawi bichi lenye maji nalo hupitisha umeme. Kwa sababu hiyo maelekezo ya misumeno ya aina hii hutaka mtu akae mita 10 mbali na nyaya za umeme.

Basi kabla ya kuanza, tazama juu, uzunguke mti mzima. Ukiona waya unapita kati ya matawi au karibu nayo, usianze. Mwambie tajiri aiite kampuni ya umeme ije izime laini au ikate yenyewe. Nchini Uganda, tangu Aprili 2025 kazi ya kusambaza umeme iko mikononi mwa UEDCL. Kama mwenzako amekwisha kunaswa na waya wa nguzo, usimshike na usimkaribie. Wazuie watu na uite kampuni na msaada mara moja.

NAMNA YA KUKATA

Vaa kofia ngumu, miwani ya kukinga macho, glovu na buti. Waondoe watoto na wapita njia, wakae mita 15 mbali. Chunguza mti kama una mzinga wa nyuki au viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wa miembeni. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi, na maziwa ya mnyaa yakiingia machoni yaweza kupofusha.

Usisimame chini ya tawi hata siku moja. Simama kando, mpini ukiwa umelala, usizidi pembe ya digrii 60 kutoka usawa wa ardhi. Jua mapema utakimbilia upande gani.

Tawi refu likatwe vipande vipande kuanzia nchani. Kipande cha mwisho, kilicho karibu na shina, kikatwe kwa mikato mitatu. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, mbali kidogo na shina, uingie kama robo ya unene. Mkato wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi litaanguka bila kuchana gamba la shina. Mkato wa tatu uondoe kisiki kilichobaki. Washa mnyororo kabla ya kugusa tawi, egemeza shina la ulimi kwenye tawi ili usivutwe ghafla, na uache uzito wa msumeno ufanye kazi.

Mkato huo wa tatu usiingie mwilini mwa shina. Pale tawi linapotokea kuna uvimbe kama kola ya shati. Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua miti mingi kwa urefu ili kuchunguza ndani yake. Mwaka 1977 alieleza kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu, bali hujenga kuta za ndani kulizingira eneo lililooza. Kola ile ni sehemu ya kinga hiyo. Ikikatwa, uozo hupata njia ya kuingia shinani. Kupaka rangi kidondani hakuzuii uozo. Mwembe upogolewe baada ya mavuno.

Mikono ikianza kutetemeka, pumzika. Kilo 4 kwenye ncha ya mpini huchosha kuliko kilo 4 kifuani.

HAKI YA MFANYAKAZI

Msumeno wa bei nafuu humpunguzia tajiri gharama. Zamani alimlipa fundi wa kupanda miti, leo humwagiza mtunza bustani kwa mshahara ule ule. Hatukatai chombo, lakini tunakataa kwamba faida iende kwa mmoja na hatari ibaki kwa mwingine.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi humwajibisha kwa majeraha yanayotokana na kazi. Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2007, na Tanzania Bara ya mwaka 2008. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, hutamka kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kufanya kazi mahali salama. Mwaka 2022 Shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika misingi ya haki inayozihusu nchi zote wanachama.

Kwa hiyo, ndugu, ukikabidhiwa boksi, omba mambo manne kwa adabu lakini bila woga: uonyeshwe matumizi kabla ya kuanza, upewe vifaa vya kujikinga, awepo mtu wa pili wa kuangalia, na usilazimishwe kukata karibu na nyaya. Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi upesi na uweke nakala. Mtunza bustani hufanya kazi peke yake nyuma ya ukuta, na ndiyo maana anahitaji chama kuliko wengine. Mwenye nyumba ya jirani naye ana mtunza bustani. Zungumza naye langoni, mje pamoja.